Vyuo Kanda ya Ziwa vinaongezeka, ufundishaji umebaki ule ule

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025 kati ya Kigongo na Busisi, mjadala wa elimu ya juu huku Kanda ya Ziwa umekuwa mjadala wa umbali. Kilomita tatu za daraja zimemaliza foleni ya kivuko. Chuo Kikuu Ardhi kinajenga kampasi Sengerema na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga Bukoba, vyote chini ya HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, uliokopewa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa zaidi ya wanafunzi wa shahada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 inawafikia pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Watu wanajumlisha haya yote na kusema mtoto wa Ukerewe, Geita na Misungwi sasa hana kisingizio. Naona jumla hiyo imekosewa. Daraja, majengo na mikopo vinamfikisha mwanafunzi mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara. Kitakachoamua kama atamaliza ni namna anavyofundishwa na kupimwa akishaingia, na huko hatujagusa kitu. Kozi zetu nyingi bado zimepangwa kwa ajili ya kijana wa aina moja: aliyesoma bweni, anayesoma Kiingereza haraka, anayeona ubao vizuri, mwenye kompyuta mpakato na asiyedaiwa ada.

Tuwatazame kwanza wanaoingia. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016. Aliyeingia kidato cha kwanza mwezi ule na kwenda moja kwa moja alimaliza kidato cha sita mwaka 2022 na kuanza chuo mwaka huo huo. Kwa hiyo madarasa yaliyoingia vyuo vya hapa Mwanza, vya Malimbe, Butimba, Nyegezi na Bugando, tangu hapo yana vijana ambao miaka ya nyuma, kwa kipato cha nyumbani kwao, wangeishia darasa la saba. Na hao ni wa mbele tu. Walioanza darasa la kwanza Januari ile ile ya 2016 wanafika kidato cha nne mwaka 2026, na mwaka 2028, kwa mabadiliko ya sera yanayoifanya elimu ya msingi iwe ya miaka sita, makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Ongeza waraka wa Novemba 2021 uliowaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Kati yao wapo watakaokuja chuo wakiwa na mtoto wa kulea. Ongeza walimu na wauguzi waliokwisha kufanya kazi miaka kumi ambao sasa wanajiendeleza, watu wenye familia, wanaokaa benchi moja na kijana wa miaka 19. Wengi wametoka shule za kata, ambako mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja au hakuwepo kabisa.

Mambo mawili nataka kuyatazama kwa karibu, kwa sababu yanaonesha jinsi chuo kinavyoweza kumwangusha mtu bila yeyote kukusudia. La kwanza ni kalenda. Familia nyingi za Ukerewe, Ukara, Kome na ufukwe wa Igombe zinasomesha kwa dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi kukiwa na giza. Mbalamwezi ikikomaa dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na mama anayeanika hana cha kuanika. Mvua za Novemba na Desemba zikiingia, hata walioanikwa wanaharibika na kuishia kuuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Sasa weka pembeni yake ratiba ya chuo: muhula wa kwanza unaanza Oktoba au Novemba, awamu ya ada ina tarehe moja kwa wote, na asiyekamilisha malipo haruhusiwi kufanya mtihani. Mama mmoja wa Nansio, niliyekaa naye Mwaloni Kirumba akisubiri magunia yake yapimwe, aliniambia, "Mwanangu, hela ya shule ninayo. Ila wanaitaka mwezi ukiwa mkubwa." Binti yake alikuwa ameshakosa testi mbili za kozi moja. Mkopo ungeweza kuziba pengo hilo, lakini bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, nalo huchelewa, na si kila mwombaji anapata mkopo kamili. Kinachofuata huandikwa kwenye matokeo kama udhaifu wa kitaaluma: alama ndogo za testi, sapu (mtihani wa marudio), kozi kubebwa hadi mwaka unaofuata, na mwisho kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Karatasi ile haina mahali panapoonesha kwamba binti alikuwa anadaiwa laki na nusu kwa wiki mbili.

Jambo hili lina dawa iliyokwisha kujaribiwa. Chuo Kikuu cha Georgia State cha Atlanta, Marekani, ambacho nacho kina wanafunzi wengi wa kipato cha chini, kiligundua kuwa wengi waliokuwa wakifutwa kwenye orodha kwa sababu ya ada walikuwa wanadaiwa kiasi kidogo tu. Kikaanza kutoa ruzuku ndogo kwa wale wenye maendeleo mazuri na deni dogo, ili wabaki darasani. Vyuo vyetu havina mfuko wa namna hiyo, na sitavilaumu kwa hilo. Lakini kumruhusu mwanafunzi afanye testi kwa barua ya ahadi, matokeo yake yakashikiliwa mpaka alipe, hakuhitaji mfuko. Kunahitaji mhasibu na mkuu wa idara wakae meza moja kabla ya muhula kuanza.

La pili ni macho. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa katika muongo wa 2000 yaliwafanya watoto wengi wapelekwe kwenye shule zenye ulinzi, kama Mitindo kule Misungwi na Buhangija kule Shinyanga. Tulilizungumza sana suala hilo wakati ule kama suala la usalama, kisha tukaliacha. Mtoto aliyepelekwa huko mwaka 2009 akiwa na miaka saba alitimiza miaka 23 mwaka 2025. Amekuwa mtu mzima, na kama alibahatika kuendelea na masomo, yuko chuoni. Ualbino huja na uoni hafifu ambao miwani haiumalizi, macho huchezacheza, na mwanga mkali huumiza. Halafu tunamkalisha kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa yanayopeleka jua kwenye ubao mweupe unaong'aa, projekta inarusha slaidi zenye maandishi madogo, na mhadhiri anasema "kama mnavyoona hapa" kisha anapita. Anachohitaji mwanafunzi huyu ni kidogo mno. Akitumiwa slaidi kwenye simu usiku uliotangulia, atazikuza kwa vidole viwili na kufuata somo akiwa kwenye kiti chake. Karatasi ya mtihani ikitolewa kopi kwa kukuzwa kwenye karatasi ya A3, ataisoma mwenyewe. Pazia likishushwa, ataona ubao. Hata steshenari ndogo ya Nyegezi inaweza kufanya kazi hiyo ya kopi kwa bei isiyofikia nauli ya daladala kwenda mjini na kurudi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kupata elimu kama wengine, lakini darasani haki hiyo inategemea kama mhadhiri wa siku ile ni mwelewa.

Hapa kuna kosa la mpangilio ambalo naliona linatugharimu sana. Mfumo wetu unamngoja mwanafunzi ajitangaze. Aende kwa mlezi wa wanafunzi, apeleke barua ya daktari, arudi kwa kila mhadhiri mmoja mmoja kueleza upya. Wengi hawaendi. Mwenye usikivu hafifu anakaa kimya, mama mwenye mtoto mchanga anakaa kimya, mwenye kifafa anaogopa kuonekana mzigo. Kozi ikipangwa tangu mwanzo kwa kujua kwamba watu hawa wamo, wengi wao hawatahitaji kuomba chochote. Notisi zikitumwa mapema kwa wote, anafaidika mwenye uoni hafifu, anafaidika mama aliyechelewa kwa sababu mtoto alishikwa na homa, na anafaidika anayesoma Kiingereza taratibu. Hakuna aliyenyooshewa kidole.

Lugha ndiyo inayogusa wengi kuliko yote. Mwanafunzi wa Ukara alianza na Kikara nyumbani, akafundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza masomo karibu yote yakawa ya Kiingereza. Akifika chuo tunampa kozi ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, inayofundishwa na idara nyingine, yenye nyakati za vitenzi na uandishi wa barua, kisha tunahesabu kwamba tatizo limeshughulikiwa. Lakini anapoangukia ni kwenye takwimu, biokemia na sheria ya mikataba, ambako nusu ya muda wa mtihani unaisha akilifumbua swali. Msaada wa lugha unapaswa kuwa ndani ya kozi zenyewe. Nimemwona mhadhiri mmoja wa takwimu hapa mjini akifanya hivyo bila kelele. Siku mbili kabla ya kipindi anatuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa ukurasa mmoja wenye istilahi kama kumi na tano za somo linalokuja, kila moja na maelezo mafupi ya Kiswahili na mfano mmoja wa hesabu. Kipindi chenyewe ni cha Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza. Katikati anasimama, anaandika swali ubaoni, anawapa dakika nne wajadiliane wawili wawili kwa lugha wanayoitaka, kisha anamwita yeyote ajibu kwa Kiingereza. Nilikaa nyuma siku moja nikasikia ukumbi ukinguruma kwa Kiswahili na Kisukuma, vijana wakibishana kwa nini wastani wa bei ya sangara unadanganya wiki ambayo samaki mmoja mkubwa ameuzwa. Binti aliyeitwa alijibu kwa sentensi tatu za Kiingereza zilizokuwa na makosa ya sarufi na hesabu sahihi. Mhadhiri akamrekebisha neno moja, akaendelea.

Wapo wanaopinga mwelekeo huu, na baadhi yao nawaheshimu. Wanaolinda viwango wana hoja: muuguzi atakayepima dozi ya mtoto pale Bugando hawezi kupewa cheti kwa huruma, na mhandisi hawezi kusamehewa hesabu ya nguzo. Nakubaliana nao kabisa. Ila lazima tuulize kila mtihani unapima nini. Kama kozi inapima kukokotoa dozi kwa usahihi, karatasi ya herufi kubwa haibadilishi jibu. Kama inapima kumhudumia mgonjwa ambaye moyo umesimama, kasi ni sehemu ya ujuzi wenyewe, na hapo hakuna wa kuongezewa dakika. Wengi wa wanaolalamika kwamba viwango vinashuka hawajawahi kukaa na kutenganisha mambo haya mawili kwenye kozi zao, na matokeo yake mtihani wa uhasibu unapima pia kasi ya kusoma Kiingereza, uimara wa macho na kama mtu alilala njaa.

Hoja nzito zaidi ni ya wingi. Mhadhiri mwenye ukumbi wa wanafunzi 400, kozi tatu kwa muhula na rundo la karatasi za kusahihisha hawezi kumjua kila mtu. Hili ni kweli, na anayelipuuza hajawahi kusahihisha. Lakini wingi huo ndio unaoifanya mihadhara ya mtu mmoja kusema saa mbili mfululizo iwe ya hatari zaidi, kwa sababu mhadhiri hana njia ya kujua nani amepotea mpaka matokeo yatoke. Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikusanya tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Pale wanafunzi walipohusishwa kwa maswali na mijadala darasani, waliofeli walikuwa asilimia 21.8, pale mhadhiri alipoongea peke yake, walikuwa asilimia 33.8. Mwaka 2020 uchambuzi mwingine ulioongozwa na Elli Theobald, wa chuo hicho hicho, ulionesha kwamba namna hiyo ya kufundisha ilipunguza pengo la alama za mtihani kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao kwa asilimia 33, na pengo la kufaulu kwa asilimia 45. Madarasa hayo mengi yalikuwa ya Marekani, na sidai kwamba namba zitakuwa zile zile Mwanza. Sababu yake lakini inavuka bahari bila shida: anayelazimika kujibu swali leo anajua leo kwamba hajaelewa, na anaweza kuuliza kabla mtihani haujafika.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa sana: kwamba chuo ni cha watu wazima, anayetaka kufaulu atajituma, na sisi wa zamani tulisoma hivyo hivyo tukafika. Inasikika kama hekima, na inamwondolea kila mtu wajibu. Lakini inajengwa juu ya jambo lisilo kweli, yaani kwamba wanaofaulu wamefaulu peke yao. Kijana aliyetoka shule nzuri ana kaka aliyemaliza chuo anayemwambia mhadhiri gani hutunga maswali ya namna gani, ana wenzake watano wa shule moja wanaosoma pamoja getoni, ana desa, yaani notisi za kurithiana, za miaka iliyopita. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uri Treisman, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi walikuwa wanafeli hisabati ya mwaka wa kwanza. Walimu wenzake walimpa majibu yale yale tunayoyasikia hapa: hawana ari, msingi mbovu, nyumbani hawasaidiwi. Akaenda kuwatazama wanavyosoma. Akakuta wanajituma sana, kila mmoja peke yake chumbani, wakati wenzao wenye asili ya China, waliokuwa wanafaulu, walikuwa wakimaliza kazi zao kisha wanakutana kulinganisha majibu na kubishana. Alichofanya ni kuanzisha vikundi vya kukutana kwa ratiba na kuwapa maswali magumu kuliko ya darasani. Waliopita kwenye vikundi hivyo walifaulu vizuri kuliko wenzao Weusi ambao hawakushiriki. Jambo la kushika hapa ni ugumu wa maswali yale. Hakuwapa masomo ya nyongeza ya watu dhaifu. Aliwatendea kama wanahisabati, akawatengenezea wenzao wa kusoma nao.

Diskasheni tunazo hapa, tena nyingi. Pita nje ya maktaba yoyote ya chuo jioni utazikuta chini ya taa. Shida ni kwamba zinajipanga zenyewe, na zikijipanga zenyewe hufuata shule, dini, kabila na mfuko. Mama wa miaka 34 anayekimbilia daladala saa kumi na moja hayumo. Kijana kiziwi hayumo. Mhadhiri akipanga vikundi yeye mwenyewe wiki ya pili, akachanganya watu kwa makusudi, akaweka muda wa kikundi ndani ya ratiba ya kozi badala ya usiku, na akaacha alama ya kila mtu itokane na kazi yake mwenyewe, atakuwa amemgawia kila mmoja kitu ambacho leo ni cha wenye bahati.

Haya niliyoyataja yanahitaji muda na nia kuliko fedha. Yapo yanayohitaji fedha, na hayo tusiyatwike wahadhiri. Mkalimani wa lugha ya alama analipwa mshahara. Vitabu vya nukta nundu na programu za kusomea maandishi kwa sauti vina bei. Ngazi za ukumbi ulio kwenye mwamba, kama kumbi nyingi za mji huu zilivyo, haziwi njia ya kiti cha magurudumu kwa hotuba. Vyuo vya umma vilivyo ndani ya HEET vina nafasi ya kuyaweka kwenye michoro ya majengo. Vyuo binafsi, ambavyo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya wanafunzi wa shahada Mwanza, vinategemea ada za wanafunzi wale wale tunaowasema. Serikali inayompa mwanafunzi mkopo ili asome chuo binafsi ina sababu ya kumfuata huyo mwanafunzi hadi darasani, kwa sababu akidisko, deni linabaki bila cheti cha kulilipia.

Mafunzo ya wahadhiri nayo yana mgogoro. Tunamfundisha mwalimu wa shule pale Chuo cha Ualimu Butimba namna ya kuandaa somo, kuuliza swali na kumtazama mtoto aliyekaa nyuma. Anayefundisha chuo tunamchagua kwa alama zake za darasani, kisha tunamkabidhi ukumbi. Semina ya siku mbili yenye posho haitoshi. Kinachobadilisha watu ni kumwona mwenzako akifundisha, naye akaja kukuona, na kupandishwa cheo kukaangalia pia darasa, badala ya machapisho peke yake.

TCU na NACTVET, mamlaka zinazosimamia vyuo vikuu na vyuo vya ufundi, zinaweza kuanzia mahali ambapo tayari kuna taarifa. Kila chuo kinajua, kwa kila kozi, ni wangapi walifaulu, wangapi walipata sapu na wangapi walidisko, na fomu za udahili zinaonesha nani katoka shule ya kata, nani ana ulemavu, nani amerudi masomoni akiwa mtu mzima. Karatasi hizo zinakaa kwenye makabati mawili tofauti. Zikutanishwe, bila majina ya wanafunzi, na zitolewe hadharani kila mwaka kozi kwa kozi. Kozi ambayo nusu ya darasa hupata sapu mwaka hadi mwaka, au ambayo waliotoka shule za kata huanguka kwa wingi kuliko wenzao wenye alama zile zile za kuingilia, iitwe mbele ya seneti ya chuo, na mkuu wa idara aeleze kilichobadilishwa katika kuifundisha tangu matokeo ya mwaka uliotangulia.